Jiwe la Radi Katika Mtungi wa Koko

Mwaka jana nilirudi Kisangani kwa matanga, na mvua ikanikuta Kabondo, mtaa nilikokulia. Kama umekulia kule huhitaji kuelezwa. Mbingu inakuwa nyeusi mchana saa tisa, kuku wanajibanza chini ya baiskeli, na kabla hujavuta nguo kwenye kamba maji yanapiga mabati mpaka humsikii aliyekaa karibu nawe. Mama mwenye nyumba alizima redio, akageuza kioo kikatazama ukuta, akawafukuza watoto mlangoni. Nilimcheka kidogo, mimi mwalimu mstaafu, mwanamke niliyesoma. Kisha radi ikapiga upande wa mto, na nikajikuta natazama pembe ya chumba, kushoto kwa mlango, mahali ambapo kwetu palikuwa na mtungi. Hapakuwa na mtungi, palikuwa na bidoni mbili za plastiki za kuwekea maji. Tangu siku ile sijatulia. Nakaa, nainuka, naanza kazi naiacha. Basi nimeona nikusimulie wewe, ndugu yangu, labda nitapata kukaa.

Koko, ndivyo tulivyomwita bibi yetu aliyemzaa papa, yaani baba, aliishi nasi katika nyumba ya udongo yenye uwanja uliofagiliwa mara mbili kwa siku. Aliufagia yeye mwenyewe na hakutaka kusaidiwa, maana kila aliyemsaidia alifagia vibaya. Asubuhi alianza na kumsifu Mungu na kumaliza na kuwasema watu. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na akiponda ndizi za lituma kinuni, mchi ulitikisa ukuta wa jirani. Lituma yake ilikuwa laini hata meno hayakuwa na kazi. Tuliila na samaki wa moshi katika mafuta ya mawese, na kisha yeye alilamba vidole kimoja kimoja akitutazama kama vile sisi ndio tusio na adabu.

Katika pembe ile ya chumba ulikuwa mtungi wa maji ya kunywa, na ndani ya mtungi, chini kabisa, lilikaa jiwe. Lilikuwa dogo, refu kama kidole changu cha kati, limebanwa upande mmoja kama ulimi, jekundu lililokolea kukaribia weusi, na zito kupita ukubwa wake. Lilikuwa laini kiasi kwamba ukilishika likiwa na maji huna hakika kama umelishika. Ni jiwe la radi, alisema koko. Radi ikipiga ardhini huacha mtoto wake, na mtoto huyo ukimweka majini akatulia, mama yake akipita juu ya nyumba anamwona yu salama, anaendelea na safari. Wakati wa mvua kazi yangu ilikuwa kuingiza mkono mtungini na kuhakikisha lipo. Nilikuwa na miaka kumi hivi, miaka miwili mitatu kabla ya uhuru, na niliamini kazi ile ilikuwa kubwa kuliko ya papa aliyekuwa karani.

Sasa sikiliza jambo ambalo koko aliniambia mimi peke yangu. Ilikuwa mvua, mimi na yeye tu nyumbani, mkono wangu mtungini. Nilimwuliza nani aliliokota jiwe lile.

“Iyi jiwe mama yangu alinifunga nayo mu kiuno,” alisema. “Alisema: na hii, radi haitakupiga. Na kweli, radi haikunipiga. Ni watu ndiyo walikuja.”

Alikuwa mtoto wa kuota meno ya pili. Walikuja watu wenye bunduki, wakachukua wanawake na watoto, wakatembea nao siku nyingi mpaka akaacha kuhesabu. Akaletwa hapa kwenye maporomoko, akakulia katika nyumba ya waungwana, akafundishwa kusali, akaolewa na mtoto wa nyumba ile aliyetoka Kasongo. Lugha ya kwao ilimtoka yote. Jina la kijiji lilimtoka, jina la mto lilimtoka. Alichobaki nacho ni kwamba kwao hakukuwa na msitu mkubwa kama huu. Kulikuwa na nyasi ndefu, na mvua unaiona ikija kutoka mbali, una muda wa kuingiza ulezi ndani. Hicho, na jiwe.

“Usiseme kwa mutu,” akamaliza. “Papa yako anajua, lakini hapendi kusikia.”

Kwa nini papa hakupenda, nilikuwa tayari ninajua, kama mtoto yeyote wa mtaa wetu. Sisi tulijiita watu wa Kasongo, mji wa waungwana huko Maniema. Papa alilisema neno hilo akiwa amenyoosha mgongo. Na kabla ya msimu ule wanawake wawili walikuwa wamegombana bombani kwa ajili ya zamu ya ndoo, ugomvi wa kila siku, mpaka mmoja akamwambia mwenzake kwamba koko yake aliingia mji huu na kamba shingoni. Bomba zima likanyamaza. Ndoo ikajaa, ikamwagika, hakuna aliyefunga maji. Kabla ya mwezi kwisha familia ya yule aliyetukanwa ilihamia mtaa mwingine, Mangobo. Watu hawakuuliza kama ni kweli. Neno mtumwa halikuhitaji ushahidi.

Shule yetu ilikuwa mpya, ya serikali, isiyo ya mapadre, na kwa sababu hiyo tulichanganyika: Waislamu wa Maniema kama sisi, Wakristo wa mtoni kutoka Yanonge na Isangi, watoto wa makarani, watoto wa wavuvi. Wasichana tulikuwa tisa katika darasa la tano, tumekaa mbele kama mayai kwenye kikapu. Mwalimu wetu alikuwa kijana, mwembamba, mwenye suruali moja ya kaki aliyoifua kila jioni, na baiskeli isiyo na breki. Wenzake walifundisha historia kwa kiboko na kukariri. Kitabu kilisema kwamba historia ya nchi yetu ilianza siku Mzungu fulani alipopita na mashua. Kabla ya hapo kitabu kilikuwa na nusu ukurasa, na kwenye nusu hiyo palikuwa na picha ya mamba.

Mwalimu alitusomesha nusu ukurasa ule, akafunga kitabu, akatupeleka kwenye maporomoko kwa miguu. Mji mzima unapajua pale: Wagenia, wavuvi wa maporomoko, wamefunga nguzo kubwa juu ya miamba, wametundika vikapu vya kuvulia katika maji yanayochemka, na kila mahali pa kikapu pana ukoo wake. Akamwuliza mvuvi mmoja nani alikuwa wa kwanza kufika hapa. Ni babu yetu, akajibu, alipanda nguzo ya kwanza hapa, akaonyesha mahali pa vikapu vyake. Tukatembea hatua thelathini. Mvuvi wa pili naye alisema wa kwanza ni babu yake, na nguzo ya kwanza ilikuwa hii ya kwake. Tukiwa njiani tukamkuta jirani yetu wa Yanonge akishusha samaki kutoka mtumbwini. Tonton huyu, yaani mjomba, mtu wa mzaha, alituambia kwamba watu wake walipopita hapa na mitumbwi hawakumwona Mgenia hata mmoja. Na mzee wa msikiti wetu, tulipomsalimu, alisema kabla ya waungwana hapa palikuwa na vichaka na samaki tu.

Tulirudi darasani tukibishana. Wavulana wa mtoni walikuwa karibu kupigana na wavulana wa msikiti. Mwalimu akatuacha tupige kelele, kisha akaandika ubaoni maswali matatu. Nani anasema? Alijuaje? Akisema hivyo anapata nini, au anaogopa nini?

“Bon,” alisema. “Haiko kusema wote wanadanganya. Mutu anaona kutoka pale anasimama. Sasa mutauliza maswali haya kwa kila mutu. Kwa tonton, kwa kitabu, kwa mimi pia.”

Hatukuwahi kusikia mwalimu akisema ‘kwa mimi pia’. Nilipofika nyumbani nilimwuliza mama maswali matatu kuhusu nani alikula samaki wa akiba, akanipa jibu kwa ukanda wa kanga. Lakini kichwa changu kilikuwa kimewaka. Sikuweza kukaa. Niliona kila mtu mzima amesimama mahali fulani, na mahali hapo ndipo panaposema.

Wiki iliyofuata mwalimu akataka kila mtoto alete kitu cha kale cha nyumbani kwao, kitu ambacho hakuna anayejua umri wake. Wenzangu walileta visu, bangili za shaba, ngoma iliyopasuka. Unajua nilileta nini. Nilingoja koko aende kusali, nikaingiza mkono mtungini, nikalifunga jiwe katika ncha ya nguo yangu. Mbingu ilikuwa nyeupe kabisa asubuhi ile na nilijipa moyo kwamba mama wa jiwe hana safari.

Darasani visu na bangili vilimalizika upesi. Jiwe likala somo zima. Mwalimu alilipitisha mkono kwa mkono ili kila mmoja aseme ni nini. Mtoto wa yule jirani wa Yanonge alilipima kiganjani akasema ni uzito wa wavu, tena wa wavu mdogo. Binti wa mfua vyuma alisema hapana, hiki ni kijinyundo cha kunyooshea visu. Mwingine, ambaye mama yake aliuza dawa, alisema ni la kusagia dawa. Mimi nikasema kwetu tunasema ni mtoto wa radi. Wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema amesoma kwamba huko Ulaya nako, zamani, wakulima waliokota mawe kama haya mashambani na bibi zao waliyaweka nyumbani kukinga radi, mpaka wasomi wakaja kusema ni mashoka ya watu wa kale waliokuwa hawajajua chuma. Hata koko za Wazungu, akasema, na sasa darasa likacheka pamoja nami, si kunicheka. Nilijiona mrefu.

Kisha akarudi ubaoni. Nani anasema? Koko yangu. Alijuaje? Jibu lilikuwepo. Mama yake alimwambia, kisha akamfunga nalo kiunoni, kisha watu walikuja. Nikatazama benchi la nyuma yangu, walipokaa mabinti wawili wa nyumba kubwa ya msikitini, ile nyumba ambayo wazee wake walijua nani kaletwa na nani. Nikasema sijui. Mwalimu akanitazama kidogo, akasema majibu mengine huja polepole, tuliache.

Angeliacha kweli, kama mkaguzi asingeingia. Mzungu wa soksi ndefu, mwenye jasho, aliyekuja bila kutoa habari kama wakaguzi wote. Tulisimama. Alitazama ubao na maswali yake, akakunja uso. Alitazama meza, akaliona jiwe, na uso ukakunjuka. Alilichukua kwa vidole viwili, akalipeleka dirishani, akalilamba. Naapa, alililamba. Akaanza kusema Kifaransa kwa haraka na mwalimu akawa anatutafsiria: hiki ni kitu cha thamani kwa wasomi, hakijawahi kuonekana hapa mjini, atakipeleka kwa wataalamu, nao wataandika barua kueleza ni cha watu gani na cha wapi. Lakini kwanza lazima ajue kilitoka wapi hasa.

Darasa zima likanigeukia. Sikuhitaji kugeuka kuwaona mabinti wale wawili, niliwahisi shingoni. Niliwaza bomba lililonyamaza. Niliwaza papa amenyoosha mgongo. Mdomo ukasema wenyewe kwamba nililiokota kwenye shimo la matofali.

Mwalimu hakutafsiri mara moja. Aliinama kidogo mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

“Una hakika?” aliuliza.

“Ndiyo, mwalimu. Nina hakika.”

Akatafsiri. Hilo nalo nimelifikiria sana. Alikuwa amenifungulia mlango na nikaufunga.

Kama uongo ungeishia pale. Mkaguzi alitaka kuonyeshwa. Tukaenda watatu mpaka shimo la matofali, nyuma ya mtaa, mahali wanaume walipochimba udongo na sisi watoto tulipoogelea ingawa tulikatazwa. Akaniuliza ni upande gani. Nikanyoosha kidole. Hapa au pale? Hapa. Juu au chini? Nikatazama ukuta wa shimo, udongo mwekundu juu, wa kijivu chini, nikachagua kijivu kwa sababu kilikuwa karibu na mkono wangu. Alishuka na soksi zake, akapima kwa fimbo, akapiga picha, akaandika, akaniuliza tena, akaandika tena. Kila aliponiuliza nilijibu vizuri zaidi. Mpaka jua linageuka nilikuwa ninaliona jiwe ndani ya ule udongo wa kijivu, limelala kiubavu, nami ninalivuta. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alinipa kalamu ya risasi yenye kifutio, akaondoka na jiwe mfukoni mwa shati.

Nyumbani nilikaa na siri hiyo siku mbili. Siku ya tatu mvua ikaja, na koko akaingiza mkono wake mwenyewe mtungini.

Nilimwambia nusu. Nilisema nililipeleka shule na Mzungu amelichukua kwa wasomi, wanaojua kusoma mawe, nao wataandika barua kueleza limetoka wapi. Nilikuwa nimejikunja kungoja kipigo. Radi ilipiga, nikapiga kelele, koko hata hakugeuka. Alikaa chini polepole kwenye mkeka.

“Wanajua kusoma jiwe?” aliuliza. “Watasema inatoka wapi?”

Nilisema ndiyo. Akauliza kama nilimwambia yule mtu kwamba jiwe lilikuja naye. Nilikuwa nimekwishazoea, ndugu yangu, ulimi ulikuwa laini kama jiwe lenyewe. Nikasema ndiyo, nilimwambia. Koko akafunika uso kwa ncha ya kanga. Sikuwahi kumwona akilia na nilidhani ni kwa ajili ya radi. Kisha nikasikia anasema, si kwangu, kwamba basi watapata, basi kabla ya kufa atajua.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Aliacha kutusema asubuhi. Nikitoka shule nilimkuta kizingitini, na kabla sijavua mkoba ananiuliza kama barua imefika. Alianza kukumbuka vitu, au alidhani anakumbuka: mbwa wa rangi ya majivu, wimbo wa kutwangia usio na maneno tena, mlango wa nyumba uliopakwa weupe. Alikuwa anajiandaa, kama mtu anayekusanya zawadi kabla ya safari. Na mimi nilikimbia. Nilijipa kazi za nje, niliteka maji ya nyumba tatu, nililala kwa shangazi. Mama alisema mtoto huyu ana chungu kwenye makalio.

Mwishowe nikaamua kumwambia mwalimu. Nilikwenda kwake Jumamosi, nimekariri maneno njia nzima. Nyumba ilikuwa tupu. Jirani yake alisema amehamishwa kwenda Opala, amepakia baiskeli yake kwenye lori, ameondoka na siku mbili tu za taarifa. Mkaguzi hakuyapenda yale maswali matatu. Walituletea mwingine, mzee wa kiboko, na tulirudi kwenye picha ya mamba.

Barua ilifika baada ya miezi, na ni mwalimu yule mpya aliyeisoma mbele ya shule nzima. Wasomi walishukuru. Walisema ni shoka dogo la watu wa kale, na kwa kuwa limepatikana ndani ya udongo wa kijivu wa Kabondo, linaonyesha kwamba watu waliishi Kabondo tangu zama za mawe. Shule ikapiga makofi. Ningekuwa mtoto mwingine ningepiga nami, maana ilikuwa mara ya kwanza barua ya Wazungu kukiri kwamba tulikuwepo kabla ya ile mashua. Wavulana wa mtoni na wavulana wa msikiti walikumbatiana. Jirani wa Yanonge alimwambia papa kwamba sasa tunajua nani wa kwanza: ni mtu wa Kabondo, na kwa kuwa yeye anakaa Kabondo, ni yeye. Kila mmoja alipata kitu katika uongo wangu.

Koko aliuliza barua imesema nini. Nilimjibu kwamba bado wanatafuta.

Alifariki mwaka wa pili wa uhuru, mchana, katikati ya kufagia. Siku chache kabla alikuwa ameniuliza tena, na mimi msichana mkubwa sasa, mwenye matiti na cheti, nikampa jibu lile lile. Ninasema wazi: niliona aibu ya mambo ambayo hayakuwa kosa lake, nikamwibia kitu pekee alichotaka.

Niliolewa mbali, nikawa mwalimu. Nilifundisha historia na niliandika maswali matatu ubaoni kila mwaka, sikuwaambia wanafunzi niliyapata wapi. Katika miaka ya sabini nilipeleka kundi la walimu wanafunzi kwenye nyumba ya makumbusho katika mji mkuu. Walitawanyika wakicheka mbele ya vinyago. Mimi niligeuka kwenye kabati la kioo na jiwe lilikuwa pale, kavu. Sikuwahi kuliona kavu kwa muda mrefu hivyo, lilikuwa limepoteza wekundu wake. Kibao kilisema: Kabondo, shimo la matofali, liliokotwa na mwanafunzi.

Mtunzaji alikuwa kijana, Mkongomani, msomi mwenye mikono ya wino. Aliponiona nimesimama sana akaja na furaha ya mtu anayependa kazi yake. Alisema jiwe hili limewasumbua wataalamu. Mawe ya aina hii, ya mwamba huu wenye chuma, yanatoka kaskazini, pande za Uele, na hayajapatikana popote kusini hivi isipokuwa hili moja. Wengine wameandika kwamba watu wa kale wa Kabondo walifanya biashara na kaskazini. Wengine wanasema walihama kutoka huko. Wamebishana kurasa na kurasa. Akanipeleka kwenye ramani na kuweka kidole juu ya mto mmoja, Bomokandi, kwenye kingo zake za nyasi. Karibu yote yametoka hapa, alisema, jiwe lenyewe linachimbwa hapa.

Nilitazama kidole kile. Hivyo tu. Ilimchukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi.

Nikamweleza yote, nimesimama, nikishika ukingo wa meza. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza kwa heshima kama kuna mtu mwingine anayejua, au karatasi yoyote. Hakuna. Akaniuliza koko alikumbuka nini, nami nikamtajia nyasi na mvua inayoonekana ikija na ulezi. Akatoa kadi ya jiwe kwenye droo. Alisema hawezi kubadilisha kibao kwa neno la mtu mmoja, lakini anaweza kuandika kwenye kadi, chini ya biashara na uhamaji, maelezo ya tatu. Ila lazima aandike nani anasema, na uhusiano wake na huyo mtoto aliyetekwa. Je, familia itakubali?

Papa alikuwa bado hai, Kabondo, anakaa safu ya mbele msikitini. Kalamu ilingoja. Nilijua ninachoogopa, na nilikijua tangu nina miaka kumi.

“Andika,” nilisema. “Alikuwa koko yangu. Walimuteka akiwa mutoto, na mama yake alikuwa amemufunga hii jiwe mu kiuno.”

Akaandika kwa penseli.

Shimo la matofali limefukiwa, pamejengwa nyumba na kanisa dogo. Nyumba yetu iliungua wakati wa vita. Mwalimu wa Opala sikumpata tena, ingawa nilituma salamu kwa kila lori. Sijui hata kama kadi ile bado ipo. Papa hakuniuliza kitu na mimi sikumwambia, na sasa naye ameondoka. Lakini alipokuwa hai alimfanyia mama yake jambo ambalo alidhani ni heshima kubwa kuliko zote. Aliweka kibao juu ya kaburi, kilichoandikwa vizuri kwa mkono wa karani. Nilikwenda kukisoma tena mwaka jana, siku ya pili baada ya matanga. Kinasema hapa amelala mwanamke muungwana, aliyezaliwa Kasongo.